Sehemu ya Dhannu

Ulikuwa mwaka wa mafuriko ya Mto Narmada. Hapana, nimekosea, ulikuwa mwaka uliofuata, maana Jhumki alikuwa ameshajenga upya kibanda chake, nami nililala barazani kwake, nikiuzunguka mto kwa miguu kama tufanyavyo mahujaji.

Jhumki aliuza dengu za kukaanga. Mumewe, Dhannu, aliuawa kwa marungu alipokataa kuhama shambani. Aliyetoa amri ni Mahipal, mwenye ardhi, na mashahidi walizibwa midomo. Uzeeni Mahipal akajifanyia matanga yake mwenyewe, kama wafanyavyo wanaotaka kuijua nafsi na kuwa huru: akachoma sanamu yake ya majani, akalisha watu, akavaa vazi la utawa. Tangu hapo jina la zamani haliitikii. Mwenye jina amekufa.

Jhumki alitaka neno moja tu kutoka kwake: "Ni mimi." Kila asubuhi mtawa alipopita na bakuli, alimwekea mkate. "Mahipal, chukua." Yeye macho chini, anapita.

"Muache, shoga," jirani yake Phulwanti alimwambia. "Yule ni maiti. Si ulikula halua ya matanga yake?"

"Nilikula, tena nikaongezwa. Lakini maiti gani huyu, kila kukicha ana njaa?"

Nami nilijaribu kumsihi asamehe. Akaniambia, "Baba, wewe tembea."

Zikafika siku za kuwalisha wafu, ambapo chakula chao hupewa kunguru wawafikishie. Jhumki akapika wali wa maziwa, akaumimina wote bakulini mwa mtawa.

"Hii sehemu ya Dhannu. Wewe umekufa, utamwona. Mpelekee. Akikuuliza nani aliyetuma wale watu wa marungu, utamjibuje?"

Mtawa alisimama pale mpaka watu wakaanza kukusanyika. 

"Nitamwambia ni mimi. Mimi Mahipal."

"Kumbe u hai," Jhumki akasema. Akatia mkono bakulini, akauchota wali wote, akawarushia kunguru. "Mimi leo nalisha wafu." Akafunga mlango. Nilimsikia akicheka huko ndani, kicheko kikavu, cha mtu aliyeshiba.

Mahipal aliondoka na bakuli tupu, na kijiji hakikumwona tena. Jhumki aliendelea na dengu zake. Watawa wenzake Mahipal walisema amepoteza yote. Kwao, anayeliitikia jina lake la zamani amejifunga upya. Lakini kila mtawa niliyekutana naye kando ya mto nimemuuliza: asubuhi ile aliitika kwa kuwa alikuwa bado kifungoni, au ndipo alipofunguka?