Kujifunza Gari kwa Mtu Asiyeona

Gari letu mume wangu alilinunua kwa injinia mmoja Mzungu aliyekuwa amemaliza kazi na anarudi kwao. Lilikuwa gari la familia, la kijivu, linalotumia mazutu, yaani dizeli, lenye paa refu linalokwenda hadi mlango wa nyuma. Waliosoma Kifaransa walituambia gari la namna hiyo linaitwa break, lakini kwa watu wa mtaa wetu hapa Rumonge breki ni kitu cha kusimamishia. Wakaliita gari refu, na sisi wenyewe tukazoea.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa hesabu. Tulikutana ukimbizini Tanzania, tukaoana huko, tukarudi Burundi na watoto wawili na godoro moja. Hakuwahi kufikiri kwamba atamiliki gari, na alipolipata alilitunza kupita kiasi. Ndani yake tulibeba mihogo, mawese ya shamba letu la Kigwena, ngoma za kwaya, mabibi harusi wawili, na mara moja jeneza la jirani, maana hapa mtaani hakukuwa na gari lingine ambalo jeneza lingeingia na mlango ukafungwa.

Sijui macho yake yalianza lini. Aligonga nguzo ya geti akasema geti halikufunguliwa vizuri. Alimimina chai pembeni ya kikombe akasema nimehamisha kikombe. Kisha barabarani akaanza kuniuliza, "Kile pale mbele ni nini?" Nami nikawa namjibu: mbuzi, baiskeli, lori limesimama. Baada ya miezi kadhaa nikawa namwambia kabla hajauliza. Hatukuwahi kukaa chini tukakubaliana kwamba mimi niwe macho yake. Ilitokea tu, nami nikanyamaza, kwa sababu nilijali aibu yake kuliko nilivyojali hatari. Hilo ni kosa langu na sijalisahau.

Siku moja, baada ya saa nane mchana, tulikuwa tunarudi kutoka Bujumbura kumsalimia binti yetu. Tulipofika Muhuta, pale barabara inapobanwa kati ya mlima na ziwa, nyanya alizotupatia binti zilimwagika miguuni kwangu. Niliinama kuziokota. Haikuwa hata dakika. Nikasikia kitu kimegonga ubavuni mwa gari, upande wa mume wangu, kisha kelele ya baiskeli ikianguka.

Alisimamisha gari. Kioo cha pembeni kilikuwa kimeng'oka. Nyuma yetu barabara ilikuwa imegeuka nyekundu, nikadhani ni damu mpaka niliposikia harufu: mawese. Mwenye baiskeli alikuwa anapeleka mawese Bujumbura katika bidoo nne, yale madumu ya plastiki, na kioo chetu kilipasua moja. Yeye mwenyewe alianguka kwenye majani, akachubuka kiwiko. Alikuwa kwenye upande wake wa barabara. Sisi ndio tuliovuka.

Alikuja dirishani amekasirika, na alikuwa na haki. Alisema maneno mengi. Mume wangu alitoa kichwa nje na kuanza kumwomba msamaha, kwa adabu kabisa, lakini uso wake ulikuwa umeelekea mahali ambapo hapakuwa na mtu. Yule bwana akahama taratibu hatua mbili kulia, akatazama kama uso wa mume wangu utamfuata. Haukumfuata.

"Mama," akaniambia kwa sauti ya chini, "muzee haoni."

Mume wangu ndiye aliyejibu. "Naona kidogo," alisema. "Ya katikati naona. Pembeni kumekwisha."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia neno hilo kutoka kinywani mwake, na alimwambia mtu asiyemjua.

"Na mama anajua kuendesha?"

"Hajui."

Yule bwana alitazama barabara, akatazama bidoo zake tatu zilizobaki. Akasema zamani alikuwa shoferi wa kamioneti, gari dogo la mizigo, kule Uvira, na permi, leseni ya udereva, bado anayo. Akalaza viti vya nyuma, akaingiza baiskeli nzima na bidoo zake, akafunga mlango. Mume wangu akahamia upande wangu, mimi nikakaa nyuma nimeshika gurudumu la baiskeli. Mtu tuliyemwangusha ndiye aliyetufikisha nyumbani. Nilimwosha kiwiko, akala na sisi, akalala kwetu, na asubuhi akaondoka na bidoo mpya ya mawese kutoka Kigwena. Pesa alizikataa.

Daktari wa macho alisema ni glokoma. Alitupa dawa ya matone ya kuhifadhi kilichobaki. Kilichopotea, alisema, hakirudi. Mume wangu alimshukuru, "Murakoze, daktari," kama mtu aliyeelezwa njia ya kwenda posta. Tulipofika nyumbani aliweka ufunguo wa gari juu ya kabati, na kwa wiki nyingi hakusema neno kuhusu gari wala macho. Kuku wakaanza kutaga chini ya bampa.

Nilikuwa na miaka hamsini na minne. Siku moja nilishusha ufunguo, nikauweka mkononi mwake.

"Nifundishe," nikamwambia.

"Nikufundishe kwa macho gani?"

"Umefundisha hesabu miaka yote hiyo kwa mdomo na chaki. Chaki sihitaji."

Aliugeuza ufunguo kiganjani, akauliza kama betri bado inashika.

Tulianzia kwenye uwanja wa shule, Jumapili baada ya ibada. Betri ilikuwa imekufa, kwa hiyo fundi wa mtaani kwetu alikuja kutuwashia, akabaki kutazama. Mume wangu aliketi kulia kwangu, mikono juu ya magoti, macho yamefumbwa. Alisema yakiwa wazi yanamchanganya.

"Ukigeuza ufunguo kuna taa ya manjano. Isubiri izime. Mazutu haitaki haraka."

Nilisubiri. Injini ikawaka, na nilipoachia ambreyaji, yaani klachi, gari likaruka na kuzima. Likaruka tena na kuzima. Wanawake waliokuwa wanateka maji pale bombani walicheka mpaka mmoja akaweka ndoo chini.

"Gari iko muzima," fundi akaniambia. "Ni mguu wako ndio unaogopa."

Mume wangu hakucheka wala hakukemea. Alikuwa anasikiliza. "Umeachia kabla injini haijakuita," alisema. "Ngoja sauti ishuke kidogo. Sasa. Hapo. Achia." Gari likaenda. Nilizunguka uwanja nikiwa nimeshikilia usukani kama mtu anayezuia mbuzi, naye akisema, "Vitesi ya pili. Bado. Sasa." Alijua kwa sauti wakati wa kubadilisha gia, na hakukosea hata mara moja.

Tuligombana pia. Nilimwambia siku moja kwamba anafundisha kama anayesahihisha mtihani. Akashuka, akatembea kwa fimbo hadi nyumbani peke yake, nami nikarudi na gari nyuma yake kwa vitesi ya kwanza, hatua kwa hatua, nikiogopa kumpita na kuogopa kumwacha. Kesho yake alikuwa ameketi garini kabla yangu.

Permi niliipata mara ya pili. Mara ya kwanza nilishindwa kuegesha kwa kurudi nyuma, maana gari letu ni refu na mkia wake sikuwa bado naujua. Mume wangu alinifanya niweke ndoo mbili uwanjani na kuingia katikati yake kila siku mpaka nikaota ndoo.

Sasa mimi ndiye shoferi. Nampeleka Bujumbura kuchukua matone yake, nawapeleka majirani hospitali, naleta mawese. Mazutu inapokosekana tunakaa nyumbani kama kila mtu. Miezi michache iliyopita alisema kuna kitu kinalia kwenye gurudumu la nyuma kushoto. Mimi sikusikia chochote. Fundi alifungua, akakuta beringi imeliwa, akamtazama mume wangu.

Bado ni mtu mgumu garini. Hushika mpini wa mlango nikikata kona, na hunihesabia lori kwa mlio kabla sijaliona. Lakini wiki iliyopita tulikwenda Kigwena, na tulipoanza kupita kando ya msitu niliona hasemi kitu. Nilidhani amekasirika. Nikageuka kidogo: alikuwa amelala, mdomo wazi, kichwa kimeegemea kioo. Katika miaka yote hakuwahi kulala ndani ya gari hilo. Nilipunguza mwendo, nikapandisha dirisha ili vumbi lisimwamshe, nikaendelea hadi shambani.