Springi za Issát na Mzigo Usiotajwa

Kwetu kaskazini kwenye theluji, tunakofuga kulungu wa baridi, mtu haulizwi ana kulungu wangapi. Ni sawa na kumtia mkono mfukoni. Issát fundi analijua hilo tangu utotoni, maana babake ndiye aliyekuwa akiwafunza kulungu kuvuta sleji, gari la kuteleza lisilo na magurudumu, ufundi uliozikwa pamoja naye. Kulungu akilemewa alilala chini, ukampunguzia, na siri ikabaki yako na yake. Mwana amebaki kutengeneza pikipiki za theluji kwenye banda linalonuka mafuta na kahawa, na kazi yenyewe humlazimu kuuliza swali linalopakana na lile lisiloulizwa: unavuta mzigo gani?

Springi za nyuma, husema, hukazwa kwa uzito. Zikilegea, mkia wa pikipiki hugonga chini kwenye kila tuta. Zikikazwa mno, hukurusha kama ndama mkaidi. Sawa. Lakini mke wa Issát ni dada yake Niillas, na Niillas ndiye mfugaji tunayegombania naye malisho ya ng'ambo ya mto. Magunia yangu ya chakula cha mifugo yakijulikana, kundi langu limejulikana.

Nikamwambia navuta kuni kidogo.

"Kuni tu, mjomba?"

"Kuni."

Akalegeza. Wiki haikuisha ekseli ya nyuma ikapinda, shokapu ikamwaga mafuta, nikarudi kwake mwendo wa kobe. Barafu ya mto ilikwisha kuwa ya kijivu. Nisingevusha kundi kabla haijaoza, majike wangezalia upande usio na malisho, na ndama wangekufa.

Alibadilisha ekseli na shokapu bila kunilaumu, jambo lililonizidishia wasiwasi. Fundi asiyelalamika ana lake moyoni. Kisha akaniambia nikailete sleji ikiwa imepakiwa, niifunge nyuma ya pikipiki, nikae kitini. Turubai nisilifunue, yeye atapima tu mkia umeshuka kiasi gani.

Nilikwenda nyumbani, nikashusha nusu ya magunia, nikarudi na turubai limekazwa kamba pande zote. Akapima. Akazikaza springi kwa spana, ya kushoto, kisha ya kulia. Akasimama, akajikuna shingo, akazikaza zote mbili tena hatua moja.

"Hiyo ya nini?"

"Ya ule mzigo uliouacha nyumbani, mjomba."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Wote huacha nusu. Hata Niillas huacha."

Kesho yake nilipakia magunia yote, nikavuka, kundi likinifuata nyuma. Barafu ililia chini yangu lakini ikashika, na mkia haukugusa chini hata mara moja. Majike walizalia mahali pao.

Kazi yake siitilii shaka. Ila lile neno la mwisho nililibeba hadi ng'ambo, na lilikuwa zito kuliko magunia. Ikiwa mimi naambiwa ya Niillas, Niillas naye anaambiwa ya nani?