Pikapu Ambayo Hakuna Mtu Angeiomba

Shemeji yangu alilala chali kwenye bodi la nyuma la pikapu mpya, mikono kifuani, macho yamefumbwa. Muuzaji, bwana mwenye tai katika duka la magari huko Lubumbashi, aliniuliza kwa sauti ya chini kama mwenzangu ni mgonjwa.

"Si mgonjwa," nikamjibu. "Anapima."

Mimi pia nilikuwa napima, ila kwa futi ya chuma. Kazi yangu mjini Likasi ni kutengeneza mizani: ya wauza mahindi sokoni, ya wanunuzi wa mawe ya shaba, mara moja moja ya kupimia watoto kliniki. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwa kufungua mizani iliyokufa, na kwa kusoma vitabu vya zamani vya Kifaransa kabla wauza karanga hawajavichana kurasa. Mtu wa kazi kama hiyo hanunui gari kwa macho. Nilikuja na futi, tochi na sumaku iliyofungwa kitambaa, na nilikuwa chini ya gari nikichunguza chasi niliposikia bodi likilia juu ya kichwa changu. Nilipotoka nikamkuta shemeji amelala.

"Shemeji," akasema bila kufumbua macho, "urefu iko muzuri. Hata muntu murefu atalala humu bila kukunja magoti."

Huyu ni mdogo wa mke wangu. Anaongoza kwaya ya parokia yetu, na katika mtaa wetu akifa mtu, yeye huitwa kabla ya seremala. Alikuwa akipima jeneza. Nilitazama tumbo lake likipanda na kushuka kwa utulivu kwenye rangi nyeupe isiyo na hata alama ya ukucha, nikaona mahindi ya mke wangu yakibaki Kapolowe.

Kwa maana gari hili tulilitafuta kwa ajili ya mahindi, wala si kwa kitu kingine. Mke wangu ana shamba upande wa Kapolowe, mbali kidogo na barabara kuu, ng'ambo ya kijito chenye daraja la magogo. Mwaka uliotangulia mavuno yake yalikaa huko kiangazi chote yakisubiri lori la kukodi. Dereva alisema kesho, kesho, hadi mvua ikafika kabla yake. Maji yaliingia ghalani, magunia yakaota ukungu, na sehemu kubwa ya jasho lake ikaliwa na nguruwe wa jirani. Hakulia. Alirudi nyumbani, akavua viatu vyake vyenye tope mlangoni, akasema: "Mwaka unakuja, minye sitangoja motokari ya muntu."

Tukauza kiwanja alichoachiwa na mama yake. Tuliweza kuchagua, kwa taabu, kati ya gari jipya na lililotumika. Jambo moja tulikubaliana tangu mwanzo: pikapu iwe kubwa kabisa, si hizi ndogo zinazoinama nyuma kama mbwa anayekaa kila zinapopakiwa.

Kilichonitisha hakikuwa injini. Mjini kwetu pikapu si ya mtu mmoja. Kukiwa na kilio, inabeba viti, maturubai, masufuria, kisha jeneza, kisha wafiwa hadi makaburini. Kukiwa na arusi, inabeba kreti za bia, na bibi-arusi akiwa na bahati anakaa mbele. Huwezi kukataa, maana siku ya kilio chako wewe nani atakuja? Barabara ya pili kutoka kwetu yupo bwana mmoja mwenye pikapu nzuri ya bluu. Kwa muda mrefu nimemwona akienda kazini kwa miguu.

Kwa hiyo, pamoja na kipenyo cha matairi na unene wa springi, niliongeza kipimo kimoja kimoyomoyo ambacho sikumwambia mtu: nilitaka pikapu ambayo hakuna mtu angeiomba.

Ile nyeupe ya Lubumbashi ilianguka mtihani huo hapo hapo. Shemeji alishuka, akafungua mlango wa nyuma wa kabini, akapapasa viti. "Hapa bibi-arusi, hapa wazazi, hapa Padri," akasema, akigawa nafasi kama mwenye gari. Mke wangu, aliyekuwa amekuja nasi, aliizunguka mara moja, akagusa kiti kwa ncha ya kidole. "Iko safi sana," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeonyeshwa sahani za wageni.

Niliipata niliyoitaka Likasi kwenyewe, katika uwanja wa bwana anayeuza magari ya occasion, yaliyokwisha kutumika, kwenye njia ya kwenda Kamatanda. Nilikwenda asubuhi, bila kumwarifu, nikaweka kiganja juu ya boneti kabla hata ya kusalimia. Ilikuwa baridi; muuzaji hakuwa ameiwasha kwanza ili kuficha kikohozi cha injini. Ilipowaka ilitoa moshi kidogo, ikajisafisha koo, ikatulia. Sumaku yangu ilikataa kushika sehemu mbili karibu na taa, palipojazwa mastiki na kupakwa rangi, lakini chasi ilikuwa nzima, na springi zilikuwa nene kama paja langu. Muuzaji aliniambia historia ya gari bila kuulizwa. Ilianza kazi kiwandani ikibeba asidi, asidi ikala sakafu ya bodi, na mwenye nayo wa pili akachomelea bamba la chuma. Huyo wa pili alikuwa mfugaji wa nguruwe.

Hilo la mwisho hakuhitaji kulisema. Gari lilikuwa la kijani, mlango mmoja wa njano uliotoka kwenye gari jingine, na harufu yake ilikutana nawe kabla ya rangi. Nilisimama katika harufu hiyo nikapumua polepole. Ni jeneza gani litapanda humu? Ni bibi-arusi gani? Nilijizuia kutabasamu mbele ya muuzaji.

Nyumbani nilitoa hotuba juu ya chasi. Shemeji, ambaye alikwenda kuliona akarudi amejishika pua, alinikatiza.

"Shemeji, ile ni motokari ya nguruwe!"

"Chasi yake ni nzima."

"Muntu hapande mu chasi! Bantu watasema nini? Muntu muzima na mizani yake yote, anakwenda kununua harufu!"

"Harufu haina uzito," nikasema.

Mke wangu alikuwa akisonga bukari, ugali wa kwetu. "Motokari haibebake gunia yenyewe," akasema bila kugeuka.

Nikamweleza kwamba hii inabeba: springi za nyuma zina majani ya chuma mengi kuliko za ile nyeupe, na mhimili wake ni wa lori. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Aa, bon," akasema. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Ile nyeupe, weye ungeomba kubebea bantu ya kilio?"

Shemeji akafikiri kwa uaminifu, akamjibu dada yake mkubwa. "Yaya, ile ningeogopa kidogo."

"Tununue ya nguruwe," akasema mke wangu, na akarudi kwenye sufuria yake.

Nilifurahi mno hata sikujiuliza kwa nini alikuwa ameuliza vile.

Hapa kwetu gari haliingii uani bila kumwagiliwa, na halimwagiliwi kwa maji. Majirani walikuja, wakanywa, wakalizunguka lile gari la kijani wakiwa wamejifunika pua kwa shati. Mmoja aliuliza kama mlango wa njano ni wa kwenda arusini. Mwingine akauliza kama nguruwe wamehama kweli. Nilicheka nao na kuwaongezea bia. Kila tusi nililipokea kama risiti.

Wa kwanza kuja kuomba alikuwa shemeji mwenyewe, kabla hata juma halijaisha. Alivua kofia mlangoni, nikajua kuna kilio.

"Lakini ulisema ni gari la nguruwe," nikamwambia.

"Shemeji, ndiyo uzuri yake! Ile nyeupe, muntu akiikwaruza na jeneza, atafanya namna gani? Atahama muji? Lakini hii, mukwaruzo moja zaidi, nani ataiona?"

"Na harufu?"

"Tutaosha."

Waliosha. Wamama wote wa kwaya waliingia uani kwangu na sabuni, majivu na malimau, wakasugua bodi lile hadi bamba likang'aa, wakiimba. Walipomaliza, harufu ya nguruwe ilikuwa imekwenda, na pamoja nayo hesabu yangu yote. Nilikuwa nimechagua, kwa futi na sumaku, gari pekee mjini ambalo hakuna aliyeona haya kuliomba.

Baada ya kilio cha kwanza ulikuja ubatizo, kisha viti vya parokia, kisha arusi ambayo bibi-arusi aliomba kwa mdomo wake kukaa upande wa mlango wa njano, kwa sababu ungetoka vizuri kwenye picha. Wakati huo mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa mto Lufira kila alasiri, na magunia yalikuwa bado Kapolowe. Nilitaka kufunga geti na kuzima simu. Mke wangu ndiye aliyeshika ufunguo wa gari, na hakumkatalia mtu. Kila aliyekuja kuomba, yeye alimwita jikoni, akaongea naye kidogo, kisha mtu huyo akatoka na ufunguo, akinisalimia kwa heshima isiyo ya kawaida.

"Unawapatia tu," nikamwambia. "Na mahindi je?"

"Mahindi iko palepale."

"Ndiyo tatizo lenyewe."

"Papa, kula," akasema; Papa ni mimi.

Kisha shemeji akaleta habari kwamba kwaya imealikwa kuimba kwenye sikukuu ya misheni ya Kapolowe siku ya Jumapili, na kwamba watatangulia Jumamosi asubuhi na mapema, kwa gari letu. Hapo nilisema hapana. Nilisema kwa utaratibu, nikieleza: Jumamosi ile nilikuwa nimeitenga kwa mahindi, anga haliwezi kuvumilia tena, na pikapu haibebi kwaya na magunia kwa safari moja.

"Endesha tu," mke wangu akasema. "Minye pia nakuja."

Niliendesha nikiwa nimenuna. Nyuma yangu kwaya iliimba njia nzima, wanaume kwa wanawake, wamebanwa kama vijiti vya kiberiti. Tulipokaribia njia ya kwenda misheni, mke wangu aliniambia nipinde kulia.

"Misheni ni kushoto."

"Pinda kulia, Papa."

Nikapinda. Tukafika kwenye kijito. Nilisimamisha gari mbele ya daraja la magogo, kwa sababu yale magogo yasingeweza hata kubeba pikapu tupu, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikukipima. Ghala lilikuwa ng'ambo. Kutoka ghalani hadi kwenye kijito ni mwendo mzuri, kwenye mchanga, na hakuna gari lolote duniani, jipya au kuukuu, ambalo lingefika huko. Magunia yalihitaji migongo. Na kila mwenye mgongo mzuri pale kijijini alikuwa amekwenda Kamatanda kuchimba shaba. Hata dereva wa mwaka uliotangulia, kama angekuja siku ya kwanza, angesimama pale pale nilipokuwa nimesimama mimi na kupiga honi.

Nyuma yangu kwaya ilikuwa inashuka. Kila mmoja alifungua mfuko wake wa plastiki na kutoa nguo kuukuu. Walikuwa wanajua, wote, wanakwaya na walioazima gari waliojibana kati yao. Jikoni kwetu kila mmoja alikuwa ameambiwa bei ya gari, na bei ilikuwa siku moja ya mabega.

"Na wewe ulijua?" nikamuuliza shemeji, aliyekuwa akivua shati lake la kwaya na kulikunja vizuri juu ya kiti changu.

"Shemeji," akasema, "yaya aliniambia kama nikikuambia, hatanipikia tena."

Walipanga mstari kutoka ghalani hadi kwenye gari, kupita juu ya magogo. Sauti nene zilibeba, sauti nyembamba zilifunga midomo ya magunia, na wimbo wa kuingilia misa ulienda polepole kwa sababu ya uzito. Shemeji alivuka daraja gogo kwa gogo, gunia kichwani. Nilimwambia urefu wake uko mzuri.

Kuhusu springi nilikuwa sahihi, na nataka hilo lijulikane. Gari halikuinama. Nilipeleka magunia Likasi, nikarudi, kwaya ikanipakilia yaliyobaki kisha ikaenda misheni kwa miguu, na mke wangu akapanda juu ya mzigo wa mwisho akiwa ameushika kwa mkono mmoja, kama mtu aliyeshika mtoto mgonjwa. Tulipokuwa tukiingiza gunia la mwisho sebuleni kwetu, tone la kwanza lilipiga bati. Kisha mvua yote ikashuka. Mke wangu alikaa juu ya magunia, akavua viatu vyake. Havikuwa na tope.

"Ulijua tangu siku ile ya bukari," nikamwambia.

"Nilikuambia motokari haibebake gunia yenyewe. Ukaniambia springi."

Nilitaka kusema kwamba ile nyeupe nayo tungeweza kuitumia kwa namna hiyo hiyo, kisha nikakumbuka shemeji alivyosema angeogopa, nikavua viatu vyangu nami. Mvua ilipiga kelele kiasi kwamba hatukusikia geti. Bwana mmoja tusiyemfahamu vizuri, wa parokia ya pili, alikuwa amesimama barazani, kofia mkononi, maji yakimtiririka. Alisema ana arusi ya binti yake, na amesikia kuna gari hapa lenye mlango wa njano.

Mke wangu hakumtazama usoni. Alimtazama mabega.