Nyumba ya Kutulia Kipoyi

Nyumba yenyewe haikuwa kitu cha kujivunia. Vyumba viwili vya udongo, baraza fupi, paa la nyasi lililovuja upande wa jiko, na nyuma mafiga makubwa ambayo hayakupata kupoa. Lakini mimi niliipenda kama wasichana wenzangu walivyopenda vitenge vipya. Kila nilipofagia niliijenga upya kichwani: hapa dirisha, juu mabati, pale kitanda cha mbao chenye chandarua kwa mama mwenye mtoto mchanga. Shangazi akinikuta nimesimama na ufagio mkononi, macho juu, alikuwa akiniuliza:

"Umefika wapi leo? Umeisha kuweka milango?"

"Niko kwa madirisha, shangazi."

"Haya, ukimaliza madirisha uende kuteka maji. Wagonjwa wako na kiu."

Ilikuwa nyumba ya wagonjwa wa njia. Wakati ule wa Wabelgiji, mtu akiugua vibaya upande wa Kabambare aliletwa hospitali ya Kasongo, na hospitali ilimpokea yeye tu. Ndugu waliomleta walilala chini ya vibaraza vya maduka, mvua ikiwapiga. Na mgonjwa mwenyewe akiruhusiwa kutoka kabla miguu haijapata nguvu, naye alilala hapo hapo. Shangazi yangu, mjane asiye na mtoto, aliona hayo, akatoa kiwanja alichoachiwa na mume wake kando ya barabara. Akina mama wa mtaa wetu walikuwa na chama chao tangu zamani, cha kupika matangani, kila mmoja na sufuria yake na kuni zake. Akawaambia, "Tunapika watu wakiisha kufa. Mbona tusipike kabla?" Wakacheka, kisha wakaja na sufuria.

Peke yetu tungeshindwa mapema. Kilichotushika ni njia. Kabambare kulikuwa na chama cha wabebaji, wanaume waliokubaliana kwamba hakuna mgonjwa atakayeachwa kijijini kwa kukosa mabega. Walimlaza kwenye kipoyi, yaani kitanda cha kamba kilichofungwa kwenye miti miwili mirefu, wakambeba mpaka Wamaza, kijiji cha katikati ya njia. Wakulima wa Wamaza, wao pia na chama chao, walikipokea kipoyi, wakaweka kando ya mgonjwa mchele na mihogo mikavu, wakaja nacho hadi mlangoni kwetu. Wabebaji wa Kabambare bila Wamaza wangechoka njiani. Watu wa Wamaza bila sisi wangekosa pa kutua. Na sisi bila mchele wao tungewapa wagonjwa maji ya moto na pole.

Njia ile ilikuwa na adabu zake. Wabebaji hawakutua kipoyi hata mabega yakatike, mpaka mwenyeji aseme, "Tueni." Wakiisha kutua, mwenyeji aliwapa maji, akanyamaza. Habari za mgonjwa zilitolewa na aliyetoka njiani: ni mtoto wa nani, anaumwa wapi, amelalaje. Mwenyeji kufungua mdomo kabla ya hapo ilikuwa kama kumwambia mgeni kwamba hukumngoja. Lakini kulikuwa na adabu nyingine ya kinyume chake, na watu wa Kabambare waliishika sana: mambo ya nyumba ya mtu hayasemwi na mgeni. Mwenye nyumba aanze, mgeni atafuata. Miaka yote adabu hizo mbili zilikaa pamoja bila kugombana.

Kisha siku moja, masika, alikuja karani, kijana wa mtaa wetu aliyefanya kazi ofisini kwa bwana wa teritwari, yule Mbelgiji mkuu wa wilaya yetu. Hakukaa. Alisimama barazani akigeuza kofia yake mikononi.

"Mama, wanakitaka kiwanja hiki. Wanataka kujenga depo, ghala la pamba, kwa sababu kiko karibu na barabara, kamyo za mizigo zitafika vizuri."

Shangazi akaendelea kupepeta mchele. "Na wagonjwa?"

"Bwana atakuja mwenyewe kusikia kama kuna mwenye neno. Sasa unisikilize. Mukisimama nyinyi peke yenu, ataona wapishi wa matanga. Lakini muite wenzenu wa Wamaza na Kabambare. Wakisimama nanyi, ataona ni njia nzima inasema. Pamba yake yenyewe inatoka kwa watu hao. Hawezi kuwafungia mulango watu wote wa njia."

Maneno yale yaliniingia kama dawa. Njia nzima inasema! Usiku ule sikujenga nyumba moja tu kichwani. Nilijenga moja Wamaza na nyingine Kabambare, zote za mabati, na chama kimoja kikubwa cha watu wote, na mimi nikipita na baiskeli kuuliza kama chumvi ingalipo.

Tulituma habari kwa wabebaji waliokuwa wakirudi. Na wenzetu wakaja. Taabu yao ilikuwa polisi wa kivukoni, kwa maana mkulima hakuruhusiwa kuacha shamba la pamba kusafiri bila karatasi ya serikali. Ila polisi yule hakuwahi kusimamisha kipoyi chenye mgonjwa. Basi mkubwa wa wabebaji wa Kabambare, baba mmoja mwenye tumbo la haja na kicheko cha kusikika mtaa wa pili, alijilaza mwenyewe kwenye kipoyi, wakamfunika blanketi, akapitishwa mbele ya polisi akilia kama mbuzi. Wengine wakafuata nyuma kama ndugu wa mgonjwa. Walipofika kwetu jasho lilikuwa likiwachuruzika.

Shangazi akatoka. "Tueni, wanangu, tueni." Akaleta maji, akanyamaza kama desturi.

"Mama," akaanza mbebaji mmoja, akihema, "tumeleta mugonjwa. Anaumwa tumbo. Limejaa."

Shangazi akalitazama lile blanketi lililoinuka kama kichuguu. "Limejaa nini?"

"Bugali, mama."

Blanketi likaanza kutetemeka kwa kicheko. "Munitoe hapa," likasema, "harufu ya sombe ya jikoni kwenu imenifikia, nimepona."

"Umepona?" akadakia mama mkubwa wa chama cha Wamaza, mwanamke mwembamba ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko jembe lake. "Kurudi utatembea. Watu wangu wamekubeba toka Wamaza, sasa hawana shingo."

Tulicheka mpaka wagonjwa wa kweli wakatoka nje kuona. Jioni tulikula pamoja, tukapanga maneno. Shangazi angesema habari za kiwanja na marehemu mume wake. Baba wa Kabambare angesema habari za wagonjwa waliopona, na kwamba mtu akipona hurudi kulima. Mama wa Wamaza angesema habari za mchele, na kwamba serikali haikuombwa hata punje moja. Yalikuwa maneno mazuri. Nilikuwa nimesoma kidogo tu kwa masista, lakini niliweza kuyasema yote kwa moyo kama sala. Hatukupanga jambo moja tu, nalo ni nani aanze. Halikumjia mtu yeyote, kwa sababu kila upande ulijua.

Asubuhi bwana wa teritwari alikuja. Tulimpa kiti barazani. Hakuwa mtu wa kufoka. Alivua kofia, akaiweka gotini, akatazama paa letu, akatutazama sisi tuliosimama uani, Kasongo mkono huu, wageni mkono ule. Akasema kwa lugha yake, karani akageuza kwa Kiswahili:

"Bwana anasema serikali inakitaka kiwanja hiki. Mwenye neno aseme."

Shangazi akawageukia wageni, akainamisha kichwa kwa heshima. Kwake yeye lile lilikuwa shauri la wagonjwa wa njia, na anayetoka njiani ndiye hutoa habari. Baba wa Kabambare akainamisha kichwa chake pia, akamnyoshea shangazi mkono wazi. Kwake yeye lilikuwa shauri la nyumba.

"Semeni, baba," shangazi akanong'ona.

"Hapana, mama. Nyumba iko yenu."

"Nyinyi ndio wageni wetu."

"Ndiyo maana, mama. Nitasemaje mbele yako?"

Shangazi akamtazama mama wa Wamaza. Hata yule, mwenye ulimi ule, akarudi nyuma nusu hatua na kuweka mkono kifuani. Katikati ya mwenyeji na mkubwa wa Kabambare angepitaje?

Karani akakohoa. Akakohoa tena, macho yamemtoka. Mimi maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni, lakini mbele ya shangazi yangu na wageni wake, msichana wa kufagia angeanzia wapi? Bwana akauliza mara nyingine. Na mara nyingine wakubwa wetu wakainamiana vizuri sana, kila mmoja akimpisha mwenzake kama watu wanaokutana mlangoni. Bwana akavaa kofia. Akasema neno fupi. Karani hakuligeuza upesi.

"Bwana anasema amesikia," akatuambia mwishoni. "Hakuna mwenye neno."

Hapo ndipo wote watatu waliposema. Walisema pamoja, shangazi kiwanja, baba wagonjwa, mama mchele, wakimfuata mpaka barabarani. Karani alikuwa akikimbia kandokando akigeuza alichoweza, lakini mlango wa gari ulikuwa umefungwa, na shauri pia.

Kuna watu Kasongo wanaosema tuliogopa. Si kweli. Mtu aliyempita polisi akilia kama mbuzi ataogopa kiti na kofia? Natamani ingekuwa woga, maana mwoga anaweza kuona haya, na haya ikamfundisha. Sisi hatukuwa na wa kumlaumu. Uani tulibaki tumesimama vile vile, huku na huku.

"Tuliwaheshimu," baba wa Kabambare akasema, kicheko chake kimekwenda.

"Na sisi tuliwaheshimu," akajibu shangazi.

Mama wa Wamaza akakaa chini, penye mavumbi, akavua kilemba. "Tumeheshimiana mpaka nyumba imekufa," akasema.

Wakaivunja kabla mvua hazijaisha. Depo ikasimama mahali pake, ndefu, ya matofali. Mabati yangu yote yalikuja, mapya, yakimetameta. Yalikuja kwa pamba.

Chama hakikufa. Tuligawana wagonjwa, huyu kwa huyu, yule kwa yule, akilala jikoni au ukumbini kwa watu. Lakini Kabambare habari hufika polepole, na zikifika watu huzipima kwanza. Siku moja, mvua ikinyesha, tuliitwa mimi na shangazi mbio. Tukamkuta baba wa Kabambare na wenzake wamesimama mbele ya depo, kipoyi mabegani, ndani yake mwanamke mjamzito amejikunja. Maji yalikuwa yakiwatiririka shingoni. Siku ile alikuja mwenyewe mpaka mwisho, hakupokewa Wamaza, kwa sababu alitaka kuona kwa macho yake kama nyumba haipo kweli. Hawakuwa wametua.

Shangazi akafika mbele yao, akasimama.

"Mama," akasema yule baba, "mabega yanakatika."

"Mwanangu, sina nyumba. Nitasema 'tueni' kama nani?"

"Hatukuuliza nyumba. Iko neno tunangoja."

Shangazi akafungua kitenge chake cha juu, akakitandika kwenye tope, kando ya ukuta wa depo.

"Tueni," akasema, polepole sana.

Wakatua. Akawapa maji kwa mikono miwili, ya mvua, aliyoyakinga hapo hapo. Kisha akanyamaza, akainamisha kichwa, akangoja mgeni atoe habari: ni mtoto wa nani, anaumwa wapi, amelalaje. Nami nilichuchumaa kumkinga yule mwanamke uso kwa kitambaa changu. Nikainua macho kwa mazoea yangu. Juu yetu ukingo wa mabati ulikuwa mzima, hauvuji hata tone. Ulikuwa ukimwaga maji yake yote upande wetu.