Majibu Yaliyokosa Njia ya Kurudi Sakina

Nakumbuka siku moja ya mvua kule Sakina, mwanangu, sebuleni kwa baba mkubwa Zakaria. Alikuwa fundi redio. Nchi ilipofungua milango ya biashara na vitu vya mtumba kujaa mjini, alinunua kompyuta iliyotumika, akaiunganisha na mtandao kwa waya wa simu. Alitaka jambo moja tu: kuandikiana na mwanawe Elia, aliyekuwa masomoni Ulaya. Barua pepe zilikwenda. Jibu halikuja.

Mama mkubwa alikuwa amekonda kwa kungoja. Mimi na ulimi wangu mwepesi nikasema, "Elia kashatusahau. Wakishaona theluji basi tena."

"Theluji hata kileleni Kibo ipo," baba mkubwa akajibu bila kugeuka, "na Wachaga hawajasahau kwao. Kaa chini. Kabla hujamhukumu mtu kwa kunyamaza, tazama umempa njia gani ya kukujibu."

Nikakaa, nikamtazama akifanya kazi, na utulivu kama ule sijauona tena. Alianza na gharama ya simu. Kompyuta ilikuwa kila ikitaka kufika mahali mtandaoni, inauliza upya anuani ya mahali hapo, hata kama imetoka kuuliza sasa hivi, na simu inazidi kula hela. Akaiwekea namna ya kukumbuka majibu iliyokwisha kupewa. Kuuliza si ujinga, alisema, lakini mzaliwa wa Sakina kuuliza njia ya Ngaramtoni hapo jirani kila asubuhi ni kusumbua watu.

Kisha akamwandikia rafiki yake wa Ngaramtoni, akamwomba ajibu. Akakata mtandao ili simu iweze kuingia, tukangoja. Simu ikalia.

"Mzee Zaka! Barua nimeipata, ila jibu langu limerudishwa. Hiyo anuani yako ni ya nchi gani?"

Baba mkubwa akacheka hadi akashika meza. Kompyuta aliipa jina la Sero, ng'ombe wa marehemu mama yake, nayo ilikuwa inaandika jina hilo kwenye kila barua kama anuani ya mtumaji. Nyumbani sote tulimjua Sero. Duniani, hakuna.

"Tulipokuwa kijijini Kikwe," akaniambia, "nani aliandikiwa barua kwa jina la boma lake? Zote zilipitia sanduku la posta la usharika, pale kanisani."

Basi akapanga hivi: ndani ya nyumba ibaki Sero, lakini kila barua inayotoka ibadilishwe anuani, ibebe ile tuliyopewa na kampuni ya mtandao, inayojulikana kote. Mama mkubwa akaniambia maneno, nikaandika, tukatuma.

Kesho yake Elia alijibu. "Shikamoo mama. Nimewajibu kila mara, barua zinanirudia. Nilidhani mmenikasirikia."

Mama mkubwa akaniamuru niisome tena. Na tena. Halafu akaenda kuchemsha maziwa, akiimba.

Mwanangu, kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini kimya kingine ni jibu linalozunguka nje likitafuta mlango. Rafiki asipojibu, ndugu asipotokea, usianze kumsema. Anza na anuani uliyompa. Mungu akujalie utulivu wa baba mkubwa, na wote wanaokupenda waione njia ya kukufikia.