Mikono Miwili Juu ya Unga wa Mbao

Shujaa wa riwaya yangu ni mtumwa anayelazimishwa kupigana uwanjani mbele ya watu wanaokula na kucheka. Katika kitabu cha kwanza tayari ameokoka, na upanga wake unawaka nuru ya malaika. Sasa naandika yaliyotangulia, siku zile alipokuwa bado anaua. Miezi minne sasa, hapa Njoro, nimemwacha amesimama juu ya mtu aliyepiga magoti. Kila nikimwandikia huruma, sentensi inanifia mkononi. Najua kwa nini.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikifanya kazi katika kiwanda cha kupasua mbao Elburgon. Fundi wa msumeno mkubwa alikuwa na wasaidizi wawili: mimi na mwanamume wa makamo aliyebaki na vidole vitatu katika mkono wa kushoto. Viwili vilikwenda na msumeno huo huo. Ndiye aliyenifundisha kupokea ubao bila kuyakaribia meno. Jumapili tulisimama bega kwa bega kwenye kwaya, yeye akiimba sauti ya nne, ile nzito, mimi nikijificha chini ya sauti yake.

Magogo yalipopungua, msimamizi akasema msaidizi mmoja anatosha. Hakuchagua. Pale kiwandani wawili wakigombea nafasi moja, walipanda rundo la unga wa mbao saa ya chakula, wakapigana hadi mmoja ashindwe kuinuka. Aliyekataa alitoka getini siku hiyo hiyo. Na baba yangu, kule Molo, alikuwa ameniambia nikifukuzwa kazi tena nisimrudie.

Wenzetu walikaa juu ya magogo na githeri yao ya mahindi na maharagwe.

"Wanakwaya," mmoja akauliza huku akitafuna, "leo nani anatuanzishia wimbo?"

Wakacheka. Tulipopanda rundo, mwenzangu wa vidole vitatu alinipiga kwanza, mbavuni, pumzi ikanitoka yote. Unga ulitumeza miguu hadi vifundoni. Hakuna aliyeweza kukimbia. Akanipasua mdomo. Nikatema jino, damu ikanywewa na unga papo hapo, kukabaki doa jekundu lenye harufu ya msonobari. Nikamkamata sikio, nikampiga goti tumboni, mara moja, mara mbili, hadi akaanguka kwa magoti.

Ndipo akainua mikono yote miwili, viganja wazi, macho amefumba.

Baadhi ya waliokuwa kwenye magogo walidhani anajisalimisha, wengine kwamba anajikinga. Mimi nilijua. Kanisani kwetu ndivyo tunavyoomba, na Jumapili nyingi nilikuwa nimesimama kando ya mikono ile, mmoja kamili, mmoja pungufu. Nilikuwa karibu kiasi cha kumsikia.

"Baba, mshike huyu kijana," alisema polepole. "Asiangamie."

Hakuwa akijiombea. Hilo ndilo lililonikasirisha, kwamba hata pale chini alikuwa juu yangu. Nikapitisha ngumi katikati ya mikono iliyoinuliwa. Taya lilivunjika kwa sauti kama ya tawi kavu. Nikampiga tena alipokuwa anaanguka, na tena alipokwisha kuanguka.

Kwenye magogo hakuna aliyekuwa anatafuna. Msimamizi peke yake alisema kwamba sasa mimi ni mwanaume, kisha akatuamuru turudi kazini. Wawili walimbeba hadi getini. Hakuimba tena kwaya yetu. Taya lilipona likiwa limepinda upande.

Alasiri ile fundi alinirushia glavu za kazi bila kunitazama. Zilikuwa za yule mwanamume. Ya kushoto ilikuwa na vidole viwili vilivyofungwa fundo, ili visinaswe na msumeno. Nilisimama pale huku mashine ikinguruma, damu ikinidondoka kidevuni, nikafungua fundo la kwanza, kisha la pili. Halafu nikaingiza vidole vyangu.

Leo asubuhi nimeandika sentensi hiyo niliyoikwepa: mtumwa aliiona mikono imeinuliwa, akajua ni maombi, akajua anaombewa nani, akapiga.