Swali la Muuguzi

Korona ya Mama haikutaka kuondoka. Wiki zilipita, homa inashuka na kurudi, kwa sababu dawa za saratani ya damu zilikuwa zimemmaliza kinga yote. Daktari alitwambia waziwazi: apate plazma, yaani maji ya damu ya mtu aliyepona korona, yenye kingamwili za kupigana badala yake. Bila hizo, mapafu hayatahimili.

Tuliougua na kupona, pale nyumbani Ansab, mtaa wetu wa ughaibuni, tulikuwa watatu. Damu ya kaka haikulingana na ya Mama. Yangu ililingana, lakini mimi nimezaa, na mimba huweza kuacha kwenye damu kingamwili za namna nyingine, zinazoweza kumdhuru mgonjwa. Nilipimwa, nikakutwa nazo. Nilitoka hospitali nimekasirika, kana kwamba kuzaa ni kosa.

Akabaki mama mdogo, mdogo wake Mama, damu yake inalingana, tena hakujaaliwa mtoto. Maskini, hapana harusi aliyokwenda asiulizwe habari za tumbo lake. Safari hii nilimshukuru Mungu kwa hilo, na sioni haya kusema.

Muuguzi alikuwa wa kwetu, asili yake Unguja. Alimshika mama mdogo mkono akitafuta mshipa.

"Khaloo," akamwita kwa heshima, kama mama yake mdogo, "umepata kushika mimba? Hata iliyoharibika?"

Nikamjibia mimi: "Hajapata. Mtie sindano."

"Nimemuuliza yeye," muuguzi akasema.

Mama mdogo hakunitazama. "Moja," akasema. "Ilitoka. Dada hajui. Alojua ni marehemu mume wangu tu."

Angesema hapana, mfuko wa plazma ungejaa saa ile ile. Sasa ilibidi apimwe kwanza, na Mama kule juu anapumua kwa mashine. Wallahi nilimchukia kwa ule ukweli wake. Tulikaa ukumbini, kila mtu pembe yake, na kila mlango ulipofunguliwa niliinuka.

Majibu yalirudi safi. Plazma ikatundikwa, ya manjano kama samli, ikamwingia Mama tone kwa tone. Homa ikaanza kushuka na safari hii haikurudi. Siku moja akaomba uji.

Mama mdogo alimlisha huku machozi yanamtoka.

"Unalia nini nawe?" Mama akamuuliza. "Mie si nnapona?"

Mama mdogo akaweka kijiko chini. "Dada, nna neno langu la siku nyingi."

Nikatoka, nikawafungia mlango.